Barua ya wazi kwa maafisa utamaduni na utalii wa Nyanda za Juu Kusini: majina ya mila yana wenyewe

Kwa Maafisa Utamaduni, Maafisa Utalii na Waratibu wa Tiba Asili wa mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia, kazi yetu ni kutunga na kutafsiri maelezo ya maeneo ya mila: vipeperushi, mabango, kurasa za kampuni za safari, na yale maneno ambayo waongoza watalii huyakariri mbele ya wageni. Tunaomba jambo moja. Majina ya vyeo na ibada za wenyeji wa huku kwetu, kuanzia Lwembe (mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa), Mutwa (chifu wa Wahehe) na Mwene (chifu wa Wasafwa na majirani zao) hadi mganga na tambiko, yasibandikwe kwenye shughuli za upagani mpya bila idhini ya wenye majina hayo. Na ofisi zenu ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuulizia idhini hiyo, ili mwongoza watalii kijana asiachiwe uamuzi huo peke yake getini.

Tukisema upagani mpya tunamaanisha dini zilizofufuliwa au kuundwa upya Ulaya na Marekani: Wicca, ambayo Gerald Gardner alianza kuitangaza hadharani Uingereza miaka ya 1950 baada ya sheria ya nchi hiyo dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951, Wadruidi, wafuasi wa miungu ya kale ya Skandinavia, na makundi mengine madogo. Kwao ni dini kama dini nyingine. Wafuasi wake wengi ni watu wapole, wanapenda misitu na maji, na wanastahili kupokelewa kama mgeni yeyote. Hatuandiki kumzuia mtu kusali.

Kinachotusumbua ni mazoea ya kuokota majina ya kiroho ya watu wengine na kuyachanganya. Neno "shamani" lilitoka kwa Waevenki wa Siberia, na leo anaitwa hivyo mtu yeyote anayepiga ngoma huku amefumba macho. Walakota wa Marekani walichoka mapema. Juni 1993 walipitisha tamko kali dhidi ya watu wanaouza ibada zao na kujipa vyeo vyao. Oktoba 2009, karibu na Sedona, Arizona, mwendesha semina aliwaingiza watu zaidi ya 50 kwenye kibanda cha mvuke kilichoigwa kutoka ibada za wenyeji wa Marekani. Watu 3 walifariki, naye akahukumiwa kifungo mwaka 2011. Wenye ibada ile hujifunza kwa miaka ni watu wangapi waingie, mawe mangapi yaletwe, na ni wakati gani mlango ufunguliwe. Aliyechukua jina na umbo la kibanda hakuchukua ujuzi huo.

Tuanze na maneno mawili yanayoweza kuleta madhara makubwa zaidi, nayo ni ya Kiswahili cha kila siku.

La kwanza ni mchawi. Wafuasi wa Wicca hujiita kwa Kiingereza jina ambalo kamusi zote hulitafsiri hivyo, na wanalibeba kwa fahari. Mtafsiri mvivu ataandika kwenye bango la ukumbi: "Karibuni, mkutano wa wachawi." Kifungu cha 3 cha Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, kinamtia hatiani mtu ambaye kwa maneno au vitendo anajitangaza kuwa na nguvu za uchawi, na pia mwenye kumiliki vifaa vya uchawi. Mgeni ambaye kwao ana kibali cha kufungisha ndoa anaweza kujikuta kituo cha polisi kwa sababu ya bango. Hiyo ndiyo hatari ndogo. Kubwa ni ya mwenyeji wake. Mbeya haijasahau mauaji ya kuchuna ngozi, wala Njombe haijasahau watoto waliouawa mwanzoni mwa 2019, mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Bibi aliyempangisha mgeni chumba, au mzee aliyemwonyesha njia ya msituni, ndiye atakayebaki kijijini ndege ya mgeni ikishaondoka, na ndiye watu watakayemnyooshea kidole. Kwa hiyo andikeni "mfuasi wa Wicca", basi. Jina la dini yake linatosha.

La pili ni mpagani. Katika Kiswahili chetu mpagani ni mtu anayesemwa kuwa hana dini, na wamisionari walilitumia kwa babu zetu wote ambao hawakuwa wamebatizwa. Mgeni anajiita hivyo kwa hiari yake, na ni haki yake. Lakini kipeperushi kinapoandika "wapagani wa Ulaya wakutana na wapagani wa Unyakyusa", hiyo nusu ya pili ni tusi, hata kama mwandishi hakukusudia. Wazee wetu ni wazee wa mila. Andikeni hivyo, na wageni waiteni wafuasi wa dini za kale za Ulaya.

Yanafuata majina ya Mungu, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo kwa sababu ndipo makosa hufanyika kwa nia njema kabisa. Upagani mpya una desturi ya kuweka miungu ya mataifa mbalimbali kwenye meza moja ya ibada. Mtu akisoma kwamba Wanyakyusa walimtaja Kyala, na kwamba kuna pango kando ya Ziwa Nyasa linalohusishwa na jina hilo, anaona amepata "mungu wa pangoni" wa kumweka karibu na Odin wa Skandinavia na Isis wa Misri ya kale. Lakini wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, baadaye lilikuwa jina hilohilo lililochukuliwa kumtaja Mungu wa Biblia. Kila Jumapili, Rungwe na Kyela, watu wanaimba na kusali kwa Kyala makanisani. Ukiliandika kwenye ratiba ya ibada ya miungu mingi, umewaudhi wazee wa mila na waumini wa kanisa kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi hao ni watu walewale. Nguluvi kwa Wahehe, Wabena na Wakinga ni hivyohivyo. Kwa maoni yetu majina haya yasiruhusiwe kabisa kutajwa kwenye tangazo la shughuli ya kulipia, awe nani aliyetoa idhini. Hakuna ukoo mmoja wenye mamlaka ya kuyatoa.

Vyeo navyo vina mzigo wake. Lwembe wa Lubaga, karibu na Tukuyu, hakuwa mtu wa kuvikwa shanga na kupigwa picha. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi mvua, rutuba ya ardhi na uzima wa ng'ombe vilivyohesabiwa kukaa mwilini mwake. Kwa sababu hiyo, akiugua sana, hakuachwa afe kifo cha kawaida. Kurithi nafasi hiyo lilikuwa jambo la kuogopwa. Leo mtu akipewa cheti cha "Lwembe wa heshima" siku ya mwisho ya semina, amepewa jina ambalo waliostahili kulirithi walilihofia.

Mutwa wa Wahehe ana ukoo unaojulikana, na ana makaburi. Fuvu la Mkwawa, Mutwa aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na gavana Edward Twining, nalo lipo kwenye makumbusho ya Kalenga, Iringa. Kaburi lake lipo Mlambalasi. Anayeingia Kalenga anaingia kwenye msiba wa ukoo ambao bado una watoto na wajukuu hai. Kikundi kinachotaka kuwasha mishumaa mbele ya fuvu "kuwasiliana na roho ya shujaa" kielezwe hivyo kwa adabu, na kizuiwe. Mwene, kwa Wasafwa na majirani zao, anahusika na ardhi fulani na watu fulani. Hakuna Mwene wa dunia nzima wala Mwene wa mtandaoni.

Tunajua mtatuuliza: mbona viongozi wa kitaifa hupewa uchifu? Rais Samia Suluhu Hassan alipewa jina la Chifu Hangaya na Wasukuma mwaka 2021. Ni kweli, na mfano huo unatusaidia. Jina lilitolewa hadharani, mchana, na machifu wanaojulikana, mbele ya watu wao, likiwa jina la heshima. Heshima ya aina hiyo haimpi mtu kazi ya kusimamia tambiko. Mgeni anaweza kuheshimiwa vivyo hivyo, mradi watoaji wajulikane na mipaka ya jina isemwe palepale.

Ugumu wenu tunauelewa. Serikali ilifuta mamlaka ya kichifu mwaka 1963, kwa hiyo hakuna daftari la serikali mnaloweza kufungua mkaona nani ni Mwene halali. Njia iliyobaki ni kuuliza ukoo. Tumeona maswali manne yanatosha kuchuja: Nani alikupa jina hili? Ni wa ukoo gani na kijiji gani? Jina linakutaka ufanye kazi gani, kwa nani? Na nani anaweza kukuvua? Hilo la mwisho msiliache. Cheo cha kweli kina watu wanaoweza kumwajibisha mwenye nacho, na yeye anawajua kwa majina. Aliyejipa jina mwenyewe, au aliyelinunua, hukwama hapo.

Wageni wenyewe wakielezwa hivi huelewa haraka kuliko watu wanavyodhani. Katika Wicca ya kimapokeo mtu hufundishwa mwaka mmoja na siku moja kabla ya kuingizwa, kisha kuna ngazi tatu, na hakuna anayejiita kuhani wa kike kwa kuwa tu amesoma kitabu. Waambieni: heshima mnayoipa ngazi zenu ndiyo tunayoiombea ya kwetu.

Kuhusu mganga, ninyi Waratibu wa Tiba Asili mna sheria mkononi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza, na anayetoa tiba anatakiwa awe amesajiliwa. Kwa hiyo tangazo lolote lenye neno mganga, liwe la mwenyeji au la mgeni, lionyeshe namba ya usajili. Asiye nayo aitwe mwendesha semina, mwalimu wa kutafakari, au chochote anachokifanya kweli. Jambo la ziada: wageni wengine huulizia "mimea mitakatifu" ya kuchoma au kunywa. Mwavi utatajwa, kwa kuwa umeandikwa kwenye vitabu vya zamani. Huo ulikuwa mti wa kiapo, ulinyweshwa watuhumiwa, na unaua. Usitajwe kwenye orodha yoyote ya mimea ya wageni.

Sasa tambiko, ambalo ndilo linaloombwa kuliko yote. Ratiba ya safari huandika: "Saa 4 hadi saa 6 asubuhi, tambiko la asili." Haiwezekani. Tambiko ni la ukoo na lina sababu: ukame, ugonjwa, kaburi la mkubwa, mgogoro wa ndugu. Halipo bila sababu hiyo. Pia lina pombe yake, na pombe ya ulezi haina haraka. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote siku kadhaa hadi uwe kimea, unakaushwa, unasagwa, ndipo unapikwa na kuachwa uchachuke. Hata kwenye joto la Kyela hiyo ni zaidi ya wiki, na kwenye baridi ya milima ya Uporoto mwezi wa saba ni zaidi ya hapo, maana kimea huchelewa kuota na pombe huchelewa kuiva. Anayeahidi tambiko kesho asubuhi atanunua pombe sokoni na kukodi wazee wa kuimba. Basi na iitwe hivyo, "onyesho la nyimbo na pombe ya kienyeji", na hakuna aibu. Maonyesho yana heshima yake yakiitwa maonyesho. Tena mwenye kipeperushi asije akaahidi "ulanzi mtakatifu" mwezi wa nane. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa wakati wa mvua, na kila mtu wa Iringa na Njombe anajua kwamba kiangazi mianzi haitoi kitu.

Kalenda inaleta kosa jingine ambalo wachache huligundua. Upagani mpya una sikukuu nane kwa mwaka, zilizopangwa kwa majira ya kaskazini ya dunia. Tarehe 31 Oktoba kwao ni mwisho wa mavuno na siku ya kukumbuka wafu. Huku kwetu Oktoba mwishoni watu wanatayarisha mashamba na kutazama mawingu. Mvua za Novemba zinasubiriwa, na mavuno ya mahindi ni kuanzia Mei na kuendelea. Kikundi kikitaka kusherehekea siku yake tarehe yake, kisherehekee. Kisichoruhusiwa ni kuandika kwamba hiyo ni "sikukuu ya wafu ya Wasafwa". Hakuna kitu kama hicho. Na tukumbuke kwamba uongo wa namna hii haukai kwenye kipeperushi. Unanakiliwa mtandaoni, mwanafunzi wa sekondari anaukuta, anauandika kwenye mtihani kama mila ya babu yake.

Yapo pia mambo ya mikono na miguu. Wafuasi wa Wicca huchora duara kabla ya ibada, na wengine hulichora kwa chumvi. Chumvi ikimwagwa chini ya mti inaunguza mizizi ya nyasi na miche, na mvua inaisukuma zaidi. Kwenye vichaka vya makaburi ambavyo kijiji kimevilinda kwa vizazi, konzi chache kwa kila kikundi zitaacha alama kwa misimu. Waelekezwe kutumia kamba, ambayo huondoka nao. Mishumaa na ubani wa kuchoma visiruhusiwe kuanzia Juni hadi mvua zianze, hasa kwenye ziwa Ngosi na misitu ya Uporoto, kwa kuwa majani makavu na upepo wa mchana havihitaji zaidi ya cheche. Nta kwenye mwamba wa Gangilonga, Iringa, haitoki kwa maji. Mtu ataikwangua kwa kisu na kuondoa ngozi ya jiwe. Kwenye Hifadhi ya Kitulo hakuna kuchuma okidi wala kuchimba mizizi yake kwa "madhabahu". Isimila hakuna kuokota zana za mawe kama hirizi. Hizo ni mali ya kale na zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Fuwele, sarafu na riboni zilizoachwa mahali pa mizimu zinawatatiza wazee kuliko mnavyofikiri: hawawezi kuzitupa ovyo, wala hawajui zilisemewa nini, na wakati mwingine inabidi waite ukoo mzima kuamua.

Fedha. Hapa tusifichane, kuna wazee wanaouza, na hatuwalaumu kwa wepesi. Mtu ana ada za wajukuu. Ndiyo maana malipo yatenganishwe tangu mwanzo. Ada ya kuingia eneo ilipwe kwa serikali ya kijiji au mamlaka ya hifadhi, kwa risiti. Posho ya mzee anayesimulia itajwe kwenye makubaliano kabla ya siku, ilipwe hata kama mzee atakataa kuonyesha kitu fulani. Kipengele hicho kina kazi kubwa. Mzee akijua analipwa ukweli wake na si utii wake, atasema "hapa hapaingiwi" bila kuogopa kulala njaa. Jina au cheo kisiwe na bei kwenye makubaliano yoyote. Ikionekana bei, shughuli isipewe kibali.

Utaratibu tunaoupendekeza ni mwepesi. Kikundi kilete maombi siku 30 kabla, yakiwa na ratiba, maandishi yote ya tangazo kwa Kiswahili na lugha nyingine, na majina ya kimila yanayotarajiwa kutumika. Afisa Utamaduni wa wilaya ayapeleke kwa mtendaji wa kijiji, naye akutane na wazee wa ukoo unaohusika, wakiwemo wanawake, kwa sababu makaburi na nyimbo nyingi zina wanawake wanaozijua vizuri kuliko wanaume wanaojitokeza mbele ya ofisi. Jibu liandikwe na sababu zake. Ukoo ukinyamaza hadi siku 30 zipite, hiyo ihesabiwe kuwa hapana. Picha ziombewe idhini peke yake, maana mzee anaweza kukubali kusikilizwa na kukataa kuonekana.

Tunaomba mfanye kwanza lililo rahisi kuliko yote: ukurasa mmoja wa maneno. Upande mmoja maneno yaliyo wazi kwa kila mtu, kama mzee, msimulizi, mwenyeji, ngoma, hadithi, matembezi ya msituni. Upande wa pili yale yanayohitaji idhini ya ukoo au namba ya usajili. Chini kabisa yale yasiyotolewa. Ubandikwe kwenye ofisi za kibali, geti la Kalenga, kituo cha mabasi Tukuyu, na upelekwe kwa kila mwongoza watalii kwa simu yake. Tuko tayari kuuandika bure na kuutafsiri, na kuuketia na wazee wa kila wilaya kabla haujachapwa. Wageni wa kiangazi huanza kujaa Juni. Tungependa uwe getini kabla ya hapo.

Tunasubiri jibu lenu.

Wenu katika kazi,
Watunzi na watafsiri wa maelezo ya maeneo ya mila, Mbeya na Iringa